Nyumba Yenye Magurudumu: Je, Mke Amekubali?

Huko Marekani wapo wazee ambao, baada ya kustaafu, wameuza nyumba zao, wakagawia watoto makabati na viti, na kuhamia ndani ya gari. Si gari la kwendea sokoni. Ni gari kubwa mfano wa basi, au trela inayovutwa na pikapu, lenye kitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Wenyewe huliita RV. Sisi tuliite gari-nyumba. Wakati wa joto huenda kaskazini, na baridi ikianza hushuka Arizona, Texas au Florida.

Kwa mbali maisha hayo yanaonekana kama likizo isiyokwisha. Lakini mama mwenye nyumba ana maswali yake. Mjukuu akizaliwa nitafikaje? Jumapili tutasali wapi? Na baba akiugua njiani, nani atashika usukani?

Mwenyeji wa kambi

Kukaa kambini kila usiku kunagharimu pesa. Tena, katika kambi nyingi za serikali mgeni haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 14 mfululizo. Ndiyo maana wastaafu wengi huomba nafasi ya kuwa wenyeji wa kambi. Sheria ya mwaka 1970 iliruhusu hifadhi za taifa kupokea watu wa kujitolea, na ya mwaka 1972 ikaruhusu hivyo hivyo katika misitu ya taifa. Hifadhi za majimbo nazo huwatumia.

Mwenyeji hupewa mahali pa kuegesha gari-nyumba lake bila malipo kwa msimu mzima, mara nyingi pakiwa na umeme, maji na bomba la maji machafu. Badala yake hufanya kazi, mara nyingi saa 20 au zaidi kwa wiki. Hupokea wageni, huwaonyesha sehemu zao, husafisha meko na meza, huzoa takataka, na mahali pengine huosha vyoo. Katika hifadhi za taifa saa za utulivu kwa kawaida ni saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na mwenyeji ndiye anayewakumbusha vijana wenye redio. Huwaambia wageni wasiache chakula nje palipo na dubu. Huwaomba pia wasilete kuni kutoka mbali, kwa kuwa ndani ya kuni husafiri wadudu waharibifu. Mmoja wao, mdudu wa kijani aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti.

Basi mama asidanganyike kwamba mahali hapo ni pa bure. Pamelipiwa kwa jasho, na mara nyingi kazi huhesabiwa kuwa ya mume na mke pamoja. Kabla ya kukubali, ulizeni: Ni saa ngapi kila mmoja? Siku za mapumziko ni zipi? Nani anaosha vyoo? Majibu yaandikwe.

Chumba chenye upana wa mita mbili na nusu

Gari-nyumba halizidi upana wa mita 2.6 hivi. Humo mtu hawezi kwenda chumba kingine kupoza hasira, maana chumba kingine hakipo. Wanandoa walioishi miaka 40 wakionana jioni tu, sasa wanaonana asubuhi, mchana na usiku. Wenye busara hugawana muda kama walivyogawana kabati: saa ya mume peke yake nje, saa ya mke peke yake ndani.

Kazi za nyumbani nazo hubadilika. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo huingia tangi moja, ya chooni tangi jingine, na yote mawili lazima yamwagwe mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Nguo hupelekwa kwenye mashine za kulipia. Ukinunua sufuria mpya, ya zamani itoke, kwa kuwa hakuna stoo, na gari lina kikomo cha uzito.

Siku ya kusimama

Mwaka 1978, Joe Peterson, aliyekuwa fundi umeme, na mkewe Kay, aliyekuwa muuguzi, walianzisha chama cha watu wa magari-nyumba kiitwacho Escapees. Makao yake yako Livingston, Texas. Chama hicho huwapokelea wanachama barua, kwa kuwa hata mtu asiye na nyumba huhitaji anwani ya leseni na bima. Baadaye kilianzisha hapo Livingston mahali ambapo wanachama waliozeeka au kuugua wanaweza kuegesha, wakabaki katika magari-nyumba yao, na kusaidiwa chakula na matunzo ya mchana.

Jambo hilo linatufundisha kwamba barabara ina mwisho wake. Macho hufifia, magoti huchoka, mmoja hutangulia. Mke ambaye hajawahi kuendesha gari lile, wala kumwaga tangi, wala kufunga gesi, atabaki kambini na nyumba asiyoweza kuiondoa. Matibabu nayo yafikiriwe mapema. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, hutumika nchi nzima kwa madaktari wanaoipokea, lakini mipango mingi ya kampuni binafsi iliyo chini yake humfunga mgonjwa kwa madaktari wa eneo lake.

Kwa upande wa ibada, wasafiri wanaweza kupata ushirika. Tangu miaka ya 1950 ipo huduma ya Kikristo, iliyoanzia Yellowstone, inayopeleka vijana kuongoza ibada za Jumapili katika hifadhi. Hata hivyo, kanisa linalokujua kwa jina na kukutembelea ukilazwa si rahisi kulipata kwa wiki mbili.

Kabla ya kuuza nyumba

Mama, huenda hutalala katika gari-nyumba maisha yako yote. Lakini siku moja mumeo atasema, "Tuhame," iwe ni kurudi kijijini, kumfuata mtoto mjini, au kwenda ng'ambo. Ushauri wanaopeana wasafiri hawa utakufaa. Kwanza, jaribuni msimu mmoja huku nyumba ikiwa imepangishwa, si kuuzwa. Pili, kila mmoja ajifunze kazi za mwenzake. Tatu, wekeni akiba ya kurudia, isiyoguswa kwa mafuta wala matairi. Nne, kubalianeni tangu mwanzo kwamba mmoja akisema, "Nimechoka, turudi," hatachekwa.

Mke aliyeulizwa mapema atafunga mizigo kwa moyo mkunjufu. Aliyepewa habari tu, moyo wake utabaki kwenye nyumba iliyouzwa.