Damu ya mbuzi haizungushwi kama ya farasi

Chukua tyubu ya damu ya farasi iliyotiwa sitireti isigande, uisimamishe mezani. Haipiti saa moja utaona chembe nyekundu zimezama na juu kumebaki plazima ya manjano. Fanya hivyohivyo kwa damu ya mbuzi: saa itapita na tyubu itakuwa nyekundu karibu yote. Chembe nyekundu za farasi hushikamana mafungu mafungu kama sarafu zilizopangwa, ndiyo maana huzama upesi. Za mbuzi ni ndogo mno, hazifiki maikromita 4, na kila moja huelea kivyake.

Kinachotafutwa ndani ya plazima hiyo ni chembe sahani, zile zinazoziba jeraha na kutoa protini za kuamsha ukuaji wa tishu. Madaktari wa mifugo huzikusanya na kuzidunga kwenye kano za farasi na viungo vya mbwa. Watafiti wanaozichunguza nao hutumia sana sungura.

Kwa farasi, kusubiri tu kunaweza kutosha. Damu ya wanyama wengine inahitaji sentrifuji, mashine ya kuizungusha kwa kasi, na hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzungusha mara moja na kunyonya plazima. Ni ya haraka, ila mavuno yake huwa haba. Ya pili ni kuzungusha mara mbili: kwanza taratibu, ili chembe nyekundu zishuke na sahani zibaki juu, kisha plazima huhamishiwa tyubu nyingine na kuzungushwa kwa nguvu zaidi, sahani zikajikusanya chini. Sehemu kubwa ya juu hutolewa, na kilichobaki hukorogwa polepole. Mimi naipendelea hii ya pili, ingawa ni rahisi kuiharibu. Ukizidisha nguvu mzunguko wa kwanza, sahani huburutwa hadi kwenye utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu. Ukishusha pipeti hadi kwenye utando huo kuzifuata, utanyonya na chembe nyeupe, ambazo zaweza kuchochea uvimbe kwenye kiungo.

Kinachonikera katika maelekezo mengi ni kuandika “mizunguko 2,000 kwa dakika” basi. Sentrifuji yenye mkono wa sentimita 8 itazalisha nguvu ya takriban 358 g, yaani mara 358 ya mvutano wa dunia, kwa kasi hiyo; yenye sentimita 16 itazalisha maradufu. Kasi ni ileile, damu inatoka tofauti kabisa.

Rangi ya plazima nayo isikudanganye. Hesabu sahani kabla na baada. Damu iliyokuwa na sahani 200,000 kwa maikrolita ikitoa plazima yenye 180,000, hujakusanya kitu, umeondoa chembe nyekundu tu.

Kwa hiyo wenzangu wa maabara, tunapoandika njia zetu tutaje aina ya mnyama, dawa ya kuzuia kuganda, nguvu kwa g, dakika, na hesabu zote mbili. Nawe mwenye farasi au mbwa, kabla hajadungwa, muulize daktari hesabu hizo.