Vyumba Sita vya Kariakoo

Nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, Dar es Salaam, zimebanwa na maghorofa, na apitaye Mtaa wa Msimbazi na pilika zake huenda asione ila ukingo wa bati lenye kutu. Ingia ndani ya mojawapo uone ramani yake. Mlango wa mbele unafungukia ukumbi mwembamba ulionyooka hadi uani. Huku vyumba vitatu, huku vitatu, kila kimoja na mlango wake wa ukumbini. Uani kuna jiko, choo na bafu. Mbele, chini ya upenu, kuna baraza.

Ramani hiyo ina hesabu ndani yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, palipokuwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, viwanja viligawiwa Waafrika, na kila kiwanja kilikuwa na kodi yake. Kwa kuwa kila chumba kinajitegemea, mwenye nyumba aliweza kukaa viwili na kupangisha vinne. Hata mjane asiye na ajira alilipa kodi na kusomesha watoto kwa nyumba hiyo. Kwangu mimi huu ndio ufundi wake mkubwa, kuliko hata boriti za mikoko, fito na udongo wa kukandika. Kwa ajili ya hewa, kuta za vyumba ziliishia chini ya paa bila dari, joto likapanda na kutokea penuni.

Nyumba yenye watu wengi hivyo huzaa mazungumzo, hata ya siasa. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, alipokewa nyumbani kwa mwanasiasa mwenzake, Abdulwahid Sykes, humu humu Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni. Nyumba ya Magomeni leo ni makumbusho.

Za Kariakoo zinavunjwa, na sababu kubwa ni mirathi: warithi wengi, kiwanja kimoja chenye thamani kupita nyumba. Mjenzi hupandisha ghorofa, familia ikapewa sehemu yake. Siwalaumu. Ninachowasihi ni kwamba kabla ya nyundo ya kwanza, wapime kila chumba kwa tepu, wapige picha za milango, boriti na uani, kisha wamkalishe bibi awaambie nani alilala chumba kipi, mpangaji gani alitoka wapi, na banda la uani lilijengwa lini. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi wanaweza kuwachorea.