Sufuria, Tenti na Jenereta: Kuandika Vitu Visivyofanana



Ukiingia Fort Jesus hapa kisiwani Mombasa utaona vitu vilivyoopolewa kati ya 1977 na 1980 kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mzinga una uzito na upana wa mdomo, sahani ya kaure ina rangi na maua. Tokeni nje hadi Mji wa Kale: mlango wa nakshi una aina ya mti. Kuviandika vyote pamoja si mchezo.

Stoo ya kikundi nayo ni hivyo hivyo. Sufuria ina lita, tenti ina urefu, jenereta ina namba ya kiwandani. Wenye kompyuta huanza na jedwali moja, na kila sifa mpya huongezewa safu yake. Mwishowe jedwali ni pana kama jamvi na nafasi nyingi ni tupu.

Tunashauri majedwali mawili yaliyounganishwa kwa namba, mtindo alioueleza Mwingereza Edgar Codd mwaka 1970. La kwanza ni la mambo ya kila kitu: namba yake, jina, bei, tarehe ya kununuliwa na nani anacho sasa. La pili lina safu tatu tu: namba ya kitu, sifa, na jibu lake. Yaani: 14, ujazo, lita 40. Mkinunua kitu kigeni mnaongeza mistari, safu haziguswi.

Lakini hapo pana mtego. Karani ataandika "urefu, mita 6" leo, kesho "kimo, futi 20", na kompyuta itanyamaza tu. Mkitafuta tenti za mita 6, ile nyingine haitokei. Na mtu akirudisha tenti fupi badala ya ndefu, mtamdai kwa ushahidi gani? Basi wekeni jedwali la tatu, la majina ya sifa mliyokubaliana na vipimo vyake. Karani achague humo, asitunge.

Mkiwa na aina mbili tatu tu za vitu, haya yote ya nini? Kila aina ipewe jedwali lake, yatosha. Na yale yanayoulizwa kila siku, kama bei, yasihamishwe jedwali la pili; kuyakusanya tena ni kazi.

Namba iandikwe pia kwenye kitu chenyewe. Ya sufuria igongeni kwa msumari ukingoni, maana rangi ya chini huliwa na moto.