Kupima Mkojo wa Mtoto Aliyepandikizwa Figo: Jibu Linasema Nini, na Halisemi Nini

Mtoto akishapandikizwa figo, furaha ya nyumbani huambatana na ratiba ndefu ya vipimo. Kimojawapo ni kipimo cha mkojo kinachotafuta virusi vya BK. Hakina sindano wala maumivu, na kwa sababu hiyo wazazi na watoto hukipokea kwa moyo mweupe. Hata hivyo, jibu lake likisomwa vibaya huweza kuleta hofu isiyo na sababu au faraja isiyo na msingi. Makala hii inamsaidia mzazi au mlezi kulielewa jibu hilo na kujua la kumwuliza daktari.

Virusi vya BK ni nini?

Virusi hivi vilitangazwa mwaka 1971, baada ya kuonekana katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo jijini London. Jina BK ni herufi za mwanzo za jina la mgonjwa huyo. Watu wengi huambukizwa utotoni bila kujua, na zaidi ya asilimia 80 ya watu wazima wamekwisha kuvipata. Baada ya hapo virusi hutulia katika figo na njia ya mkojo, vikidhibitiwa na kinga ya mwili.

Mtoto aliyepandikizwa figo hutumia dawa za kupunguza kinga ili mwili wake usikikatae kiungo kipya. Kinga inapopungua, virusi hupata nafasi ya kuzaliana. Mtoto mdogo huenda hajawahi kuambukizwa kabla ya upasuaji. Anaweza kuvipata kwa mara ya kwanza kupitia figo aliyopewa, ilhali mwili wake haujajizoeza kupambana navyo.

Dalili moja, tiba mbili zinazopingana

Ugonjwa wa figo unaoletwa na virusi hivi kwa kawaida huanza kimya. Mtoto hana homa wala maumivu, anacheza kama kawaida. Mara nyingi ishara ya kwanza ni kupanda kwa kiwango cha kreatinini katika damu, yaani figo imeanza kushindwa kusafisha damu ipasavyo.

Tatizo ni kwamba kreatinini hupanda pia mwili unapoikataa figo. Mwili ukiikataa figo, daktari huongeza nguvu ya dawa za kupunguza kinga. Virusi vikiwa ndivyo chanzo, dawa hizo hupunguzwa. Tiba ya tatizo moja, ikitolewa kimakosa, hulichochea la pili, na figo inaweza kupotea. Aidha, hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuangamiza virusi vya BK. Kinga iliyo bora ni kuvigundua mapema, kabla figo haijapata makovu.

Aina za vipimo vya mkojo

Kipimo cha kwanza huhesabu vinasaba vya virusi na kutoa jibu kwa idadi ya nakala katika kila mililita ya mkojo. Cha pili hutumia darubini ya kawaida kutafuta seli zilizobadilika umbo kwa sababu ya virusi.

Cha tatu hutafuta malundo ya virusi vilivyoshikamana, yaitwayo Haufen, neno la Kijerumani lenye maana hiyo hiyo ya malundo. Kipimo hiki kilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, nchini Marekani. Malundo hayo hujijenga ndani ya mirija midogo ya figo iliyoathirika. Kwa hiyo yakionekana, yanaashiria kwamba figo yenyewe inaugua, wala si kibofu tu. Kipimo hiki huhitaji darubini ya elektroni, na hivyo hospitali nyingi hazina uwezo wa kukifanya.

Kulisoma jibu

*Virusi havikuonekana.* Hii ni habari njema: uwezekano wa figo kuugua kwa sababu ya virusi vya BK wakati huo ni mdogo sana. Lakini jibu hilo ni la siku ile tu, na kipimo hurudiwa kwa ratiba.

*Virusi vimeonekana.* Jibu hili si sawa na kusema figo inaugua. Takriban theluthi moja ya waliopandikizwa figo hutoa virusi katika mkojo wakati fulani, lakini wanaopata ugonjwa wa figo ni kati ya 1 na 10 katika kila 100. Hatua inayofuata ni kupima damu, kwa kuwa kwa kawaida virusi huonekana katika mkojo wiki kadhaa kabla ya kuonekana katika damu. Vikizidi nakala 10,000 kwa mililita katika damu, madaktari hushuku kwamba figo imeathirika.

Uthibitisho kamili hupatikana kwa kuchukua vipande vidogo vya figo kwa sindano na kuvichunguza. Utaratibu huo unaweza kusababisha kutokwa damu, na watoto wengi huhitaji dawa ya usingizi. Nao pia una upungufu wake: ugonjwa huanza kwa mabaka, na sindano inaweza kuangukia sehemu iliyo nzima. Kipimo cha mkojo hakiondoi haja ya sindano kwa kila mtoto, bali husaidia kuamua ni nani anayeihitaji.

Ratiba ya upimaji

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unapendekeza kupima damu kila mwezi hadi mwezi wa 9 baada ya upandikizaji, kisha kila baada ya miezi 3 hadi mwaka wa pili utimie. Hospitali nyingine hutanguliza mkojo, na damu hupimwa virusi vikionekana. Daktari anaweza kuendelea kumpima mtoto kwa muda mrefu zaidi.

Mambo ya kuzingatia

- Usipunguze wala kusimamisha dawa za mtoto kwa sababu ya jibu la mkojo. Uamuzi huo ni wa daktari anayemhudumia.
- Pimisha katika maabara ile ile kila inapowezekana. Hesabu za maabara mbili huweza kutofautiana hata kwa sampuli moja.
- Uliza kabla ya kulipa: kipimo ni cha aina gani, gharama yake ni kiasi gani, na jibu litatoka lini.
- Omba nakala ya kila jibu na uihifadhi kwa tarehe. Mwelekeo wa hesabu hueleza mengi kuliko jibu moja.
- Vijiti vya kupimia mkojo vinavyouzwa madukani huonyesha vitu kama sukari, protini na damu. Havionyeshi virusi vya BK.
- Mwulize daktari: “Kama virusi vitaonekana, hatua inayofuata ni ipi, na baada ya siku ngapi?”

Mzazi aliye na jibu la swali hilo la mwisho kabla ya kipimo hatashtuka majibu yatakapotoka, wala hatachelewa kurudi hospitali.