Ng'ombe wa Baba, Mahari ya Binti

Mgeni wa Ngokolo huelekezwa kwa kanisa. Kanisa Kuu la Mama Mwenye Huruma ndilo alama ya kata hii ya Manispaa ya Shinyanga, na bodaboda atakuhesabia kona kuanzia hapo. Waislamu tumo, ila tu wachache, kama ilivyo karibu Usukumani kote. Uislamu huku uliingia na misafara ya Tabora, ukaongezewa nguvu na reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, kisha na watu waliofuata almasi ya Mwadui baada ya mwanajiolojia Williamson kuigundua mwaka 1940. Ukawa dini ya mjini, ya dukani na stesheni. Msukuma aliyesilimu aliitwa Mswahili hata kama bahari hajaiona. Dini aliibadili, ng'ombe hakuwaacha.

Hapo ndipo penye mgogoro wote wa haki za mwanamke wa Kiislamu wa huku, na mtu aliyekulia Tanga au Unguja anaweza asiuone. Neno mahari kwetu lina kazi mbili. Wiki chache kabla ya ndoa wazee wa pande mbili huketi chini ya mti, wakabishania ng'ombe. Wangapi, wa rangi gani, madume mangapi, na wangapi watalipwa kwa fedha kwa sababu mjini hakuna pa kuwafugia. Binti akiwa mweupe idadi hupanda, na hakuna anayeona aibu kulisema hilo mbele yake. Ng'ombe hao ni wa baba, wajomba nao wana chao. Siku ya nikaha shehe anamuuliza bwana harusi mahari ni nini, anajibu: msahafu, kitanda, na laki tatu taslimu. Mashahidi wanatikisa vichwa. Ng'ombe waliokwisha kufika zizini hawatajwi kabisa, kana kwamba walipotea njiani.

Kwa sheria ya dini, hiyo ya pili pekee ndiyo mahari, na ni mali ya mke mwenyewe. Baba hana ruhusa ya kuigusa bila ridhaa ya bintiye. Hili kila mwanamke aliyepita madrasa analijua. Lakini uzito wake haumuelei mpaka ndoa iharibike. Mke akitaka kujivua kwa khului, anatakiwa kurudisha alichopewa. Kipi? Wakwe wanataka ng'ombe. Ng'ombe walishatoka zamani, kaka yake aliwatumia kuolea. Basi dada akiondoka kwake, ndoa ya kaka nayo inatikisika, na ndiyo maana mama yake mwenyewe atamsihi avumilie. Nimemsikia shehe mmoja akikata shauri la namna hiyo kwa maneno machache: kilichopokelewa na baba adaiwe baba. Wanaume barazani wakakohoa.

Nimetaja kisa hicho kwa sababu watu wengi wanaozungumzia ufeministi na Uislamu huanza na ushungi. Ngokolo sijasikia mwanamke akigombana na mtu kuhusu ushungi wake. Anagombana kuhusu kiwanja, ng'ombe, cherehani na nyumba ya bati aliyoijenga pamoja na marehemu. Na silaha ya kwanza anayoishika, mara nyingi, ni dini yenyewe.

Chukua mirathi. Sheria ya mila ya urithi, iliyotangazwa na serikali mwaka 1963, imegawa warithi katika madaraja matatu, na mabinti wako daraja la mwisho. Ardhi ya ukoo binti anaweza kuitumia, kuirithi hapana. Mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na wanawe. Mila hizo si kwamba zilishuka hivyo hivyo kutoka kwa wazee. Za Wasukuma ziliandikwa kitabuni mwaka 1953 na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni, na waliomsimulia ni wazee, yaani wanaume. Jambo lililokuwa likijadiliwa na kulegezwa kwenye kila kaya likagandishwa kwenye karatasi.

Wajane wawili wa Shinyanga waliipeleka sheria hiyo mahakamani. Waume zao walifariki mwaka 1999 na 2000, wakwe wakawatoa nyumbani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria inabagua, ikakataa kuifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe kwenye hati. Tarehe! Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki zao.

Kesi ile ilikuwa ya mila. Mjane wa Kiislamu ana mlango mwingine: akiwa na watoto, anapata thumuni, yaani moja ya nane; marehemu akiwa hakuacha mtoto, anapata robo. Wake wakiwa wawili watagawana fungu hilo hilo, jambo ambalo wanaume wa mitala hulitaja kwa sauti ndogo. Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi ya serikali, lakini mahakama ya mwanzo inaweza kuamua mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Tatizo ni swali linalotangulia: marehemu aliishi vipi? Aliishi Kiislamu au kimila? Mtu amezikwa kwa sanda, amesomewa talakini, hitima imelika, lakini siku ya baraza la ukoo wifi anakumbuka ghafla kwamba kaka yake alikuwa akipenda sana ngoma ya jadi ya Bagika. Na yote hayo yanasemwa mjane akiwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajibu. Wakwe wenye akili huhamisha mifugo katika kipindi hicho.

Kwa hiyo yule anayedhani kwamba kumkomboa mwanamke wa Shinyanga ni kumtoa kwenye dini hajakaa Shinyanga. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Shinyanga ya wakati ule, kabla ya mikoa ya Simiyu na Geita kumegwa, wanawake 59 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ulikuwa mkoa wa kwanza nchini, na si mkoa wa Waislamu. Lakini mwanaharakati Rebeca Gyumi alipokipinga kifungu cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinachoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na kushinda Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ilikata rufaa ikijikinga kwa mila na dini. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hizo. Mila ilihitaji ngao, dini ikabebeshwa.

Masheikh wetu nao siwaachi. Fungu la mwana wa kiume mara mbili ya binti wanalitaja kila hitima, kwa tajwidi safi. Thumuni ya mjane mbele ya mashemeji wenye fimbo, wengi huimeza. Katika machimbo ya Geita na Kahama wanawake huponda mawe na kuosha marudio kwenye mialo, wakati kushuka duarani, yaani shimoni, ni mwiko, eti mwanamke mwenye hedhi huifukuza dhahabu. Mwiko huo hauna aya wala hadithi, na mimbari haijawahi kuusemea neno. Wanawake wenyewe wamejichukulia kinachowafaa: kwamba katika Uislamu chumo la mke ni lake na matunzo ni wajibu wa mume. "Changu ni changu, chako ni chetu," huwatania waume zao, na waume hawacheki sana. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenyewe Bi Hawa hakupata kitu, ikaonekana alishapewa mtaji na mumewe akautapanya. Wenzake waliomfuata ndio walionufaika.

Alhamisi moja alasiri nilikaa kwenye darsa ya wanawake uani kwa jirani. Ustadhati aliomba ungo na michembe, akapanga vipande vinane. Marehemu ameacha mke, vijana wawili na mabinti watatu. Kipande kimoja akakiweka pembeni: cha mke. Viwili kwa kijana huyu, viwili kwa yule. Kimoja, kimoja, kimoja kwa mabinti. Vikaisha sawasawa, wanawake wakafurahi kama watoto.

Binti mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa nini kaka apate viwili.

"Kwa sababu kaka analisha."

"Kaka yangu yuko machimbo ya Nyarugusu mwaka wa tatu. Mama namlisha mimi."

Ustadhati hakumkemea. Alikaa kimya kidogo, akavisogeza vipande kwa kidole, kisha akaeleza hiba: baba akiwa hai na akili zake anaweza kumpa binti kiwanja, akamkabidhi kweli kweli, kwa maandishi na mashahidi, na siku akifa, kile hakimo tena kwenye ungo. Wasia kwa mrithi haufai, warithi wengine wasiporidhia, lakini hiba inafaa. Binti alisikiliza. Sidhani kama alitosheka, na mimi sikutosheka, maana hiba inategemea moyo wa baba. Lakini wawili watatu niliwaona wakinong'onezana kuhusu viwanja.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, bibi mmoja aliyekuwa kimya muda wote, mtandio umefifia, akauvuta ungo kwake.

"Mwalimu, kwenye hivi vinane, ng'ombe nao wamo? Maana wangu walichukuliwa usiku wa tatu, matanga hayajaisha."

"Wamo, mayu. Wote. Hata ndama aliye tumboni."

Bibi alivitazama vile vipande, akaanza kuhesabu upya, kwa Kisukuma.