Mtoto Anayeamka Usiku Kuomba Maji

Kuanzia Novemba hadi Machi, Rasbura haina mtoto asiyedai maji. Joto la ghuba la Lindi lina unyevu mzito, jasho halikauki mwilini, na mtoto wa miaka miwili anayeshinda akicheza mchangani hurudi ndani kila mara akinyoosha kidole kwenye ndoo. Chakula nacho kinachangia. Papa mkavu na ng'onda zina chumvi nyingi, na mtoto aliyekula wali kwa ng'onda mchana ataomba maji hadi magharibi. Kwa hiyo mzazi wa huku kwetu haogopi kiu ya mtoto, na kwa siku nyingi yuko sahihi kabisa.

Shida ni kwamba mazoea hayohayo huficha ugonjwa mmoja ambao kwa mtoto mdogo hauna subira: kisukari. Wengi wanakijua kama maradhi ya watu wazima wenye umri na kitambi. Kipo cha watoto pia, kinachoitwa aina ya kwanza, na kinaweza kumpata mtoto ambaye bado yumo kwenye nepi. Mtu mzima huweza kuishi na kisukari miaka bila kujua. Mtoto wa miaka miwili huweza kutoka kwenye kiu hadi kupoteza fahamu ndani ya wiki chache, na mara nyingine ndani ya siku tu.

Ukitaka kujua kiu ipi ni ya jua na ipi ni ya ugonjwa, usianze na kikombe. Anza na mkojo. Mtoto aliyekaushwa na jua hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa njano iliyokolea, kwa sababu mwili unabana kila tone la maji. Ukimpa maji ya kutosha kiu inatulia, analala hadi asubuhi. Mtoto mwenye kisukari hunywa sana na bado anakojoa sana, mkojo mwingi usio na rangi, mchana na usiku. Nepi iliyokuwa ikikaa hadi alfajiri sasa inafurika saa nane za usiku. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya, na watu wa nyumbani wanadhani amedeka. Anaamka gizani, analia, anataka maji, anamaliza kikombe, anataka kingine.

Yanayotokea ndani ni haya. Figo huchuja sukari kutoka kwenye damu kisha huirudisha yote, lakini uwezo wake una mwisho. Sukari ya damu ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha, nayo hupita kwenye mkojo. Sukari ina tabia ya kuvuta maji, hivyo inapotoka, maji ya mwili huifuata. Mtoto anakauka, na ubongo unamwamuru anywe. Kiu yake ni jitihada ya mwili kujiokoa. Ndiyo maana mzazi anayemnyima mtoto maji usiku ili asikojoe kitandani anaweza kumdhuru vibaya: mkojo utaendelea kutoka, maji au pasipo maji.

Zipo alama nyingine ambazo anayefua nguo za mtoto huziona kabla ya daktari yeyote. Nepi ya kitambaa ikikauka inakuwa ngumu na yenye kunata. Sisimizi wanajaa pale mtoto alipokojoa uani. Upele wa fangasi unashika sehemu za siri na hauponi kwa dawa ya kupaka. Wala usisubiri sisimizi ndipo uamini, kwa sababu nyumba nyingi siku hizi zinatumia pampasi zinazotupwa na hakuna atakayewaona.

Kisha uzito. Mtoto anakula, pengine kuliko zamani, na bado anakonda. Fungua kadi yake ya kliniki utazame ule mstari wa uzito: umepanda miezi yote, sasa umelala au umeshuka. Sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye misuli, kwa kuwa insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho na kuiruhusu iingie, imekwisha. Kinga ya mwili imeshambulia seli zinazoitengeneza. Mama hakukosea popote. Peremende, soda na chai ya sukari huharibu meno na kunenepesha, ila hazikuleta ugonjwa huu, na mtoto mwingine hawezi kuambukizwa.

Nalisema hili la kukonda kwa mkazo kwa sababu ya neno moja linalotembea sana vibarazani mwetu. Mtoto akikonda ghafla, bibi atamwita mkwewe pembeni: "Mwanangu, huyu mtoto kabemendwa. Niambie ukweli." Neno hilo linawashtaki wazazi wote wawili kwa mambo ya chumbani. Mama anaona aibu, anamficha mtoto, anapelekwa kwa mganga kuchukua dawa ya kumwogeshea, na hizo ndizo siku ambazo mtoto hana. Bibi anampenda mjukuu wake na jicho lake limeona kweli kwamba mtoto anaisha. Namwomba aendelee kuona hivyohivyo, ila amwambie mkwe aende zahanati leo, na maswali mengine wayaache.

Huko zahanati nako kuna mtego, na huu unahitaji mzazi aujue. Mkoa wa Lindi una malaria nyingi. Mtoto mlegevu anayetapika atachomwa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na ni sawa kabisa. Lakini kipimo hicho hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo huweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya malaria kupona. Mtoto aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili leo huku kinachomuumiza ni sukari. Na anaweza pia kuwa na malaria na kisukari kwa pamoja. Malaria ikionekana, bado swali la sukari halijajibiwa.

Mtego wa pili uko kwenye pumzi. Mwili usioweza kutumia sukari huanza kuchoma mafuta, na mafuta hayo huacha asidi ziitwazo ketoni. Damu ikichachuka, mtoto huvuta pumzi za haraka na za kina, kama aliyetoka kukimbia, ingawa amelala. Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa unamtaka mhudumu ahesabu pumzi, na mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano mwenye pumzi 40 au zaidi kwa dakika, akiwa na kikohozi au shida ya kupumua, hutibiwa kama mwenye nimonia. Hesabu hiyo imeokoa watoto wengi sana. Ila huyu wetu hakohoi, kifua chake ni safi, na mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akipewa amoksilini na kurudishwa nyumbani, usiku unaweza kuwa mrefu mno. Akiwekewa dripu ya sukari kwa sababu amelegea, kabla ya kupimwa, sukari iliyokwisha kumjaa inaongezwa.

Kinachotegua mitego yote miwili ni tone moja la damu. Kipimo cha sukari ni mashine ndogo ya kushika mkononi, na jibu hutoka ndani ya sekunde chache. Kwa mtoto mwenye dalili nilizozitaja, sukari ya 11.1 au zaidi, hata kama amekula muda si mrefu, ni kisukari, na mtoto huyo anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo. Asiambiwe arudi kesho asubuhi kabla hajala. Mashine nyingine badala ya namba huandika herufi mbili, HI. Wapo wanaodhani mashine imeharibika. Maana yake ni kwamba sukari imepanda juu ya kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma, na hiyo ni dharura. Pasipo na mashine, kijiti cha kupima mkojo kinaonyesha sukari na ketoni. Anayekaa Rasbura ana bahati kwamba Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, iko mjini hapahapa Lindi. Wa Kilwa wana hospitali ya wilaya ya Kinyonga kule Kivinje, na wa njia ya Masasi wana hospitali ya misheni Nyangao. Huko mtoto huongezwa maji ya chumvi mwilini taratibu, kisha insulini.

Ni ugonjwa wa nadra, na sitaki mzazi akeshe kwa hofu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam kwa miaka 10 na kuchapishwa mwaka 1993 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 1.5 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 walio chini ya miaka 20. Hesabu ya namna hiyo hata hivyo huwapata waliogunduliwa. Mtoto aliyezikwa kwa jina la malaria kali au nimonia haingii humo.

Kuna kiu nyingine ya kudumu ambayo kwetu pwani naamini inastahili kufikiriwa mapema zaidi, nayo ni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo ndani ya figo, hasa sehemu inayokamua maji kutoka kwenye mkojo na kuyarudisha mwilini. Uharibifu huu huanza utotoni kabisa. Matokeo yake mtoto anakojoa mkojo mwingi mwepesi, anakunywa sana na kulowesha kitanda, huku sukari yake ikiwa ya kawaida. Ukiona kiu hiyo pamoja na macho ya njano, vidole vilivyovimba na kuuma, au upungufu wa damu unaorudi kila mara, omba kipimo cha sikoseli. Na kama tayari mtoto anajulikana kuwa nayo, maji kwake ni sehemu ya matibabu. Asichapwe wala kuzomewa kwa kukojoa kitandani.

Kiu ya kuhara ni habari nyingine na haifichiki. Mtoto anayeharisha akinywa kwa pupa, macho yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, amepungukiwa maji: mpe ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, mpe zinki, na umpeleke zahanati. Akishindwa kunywa kabisa, hali ni mbaya zaidi kuliko alipokuwa akidai.

Wapo pia watoto wenye kiu ya mazoea, ambao wamezoeshwa chupa ya juisi mkononi kutwa nzima. Hawa hutaka kitu kitamu tu, ukiwapa maji matupu wanasukuma kikombe, na usiku wanalala. Na wapo wachache mno wasio na homoni inayobana maji mwilini, au ambao figo zao haziisikii. Hao hunywa maji ya aina yoyote, hata ya kuogea, na hawakui vizuri. Kuwatofautisha ni kazi ya hospitali. Usijaribu nyumbani kumnyima mtoto maji ili uone itakuwaje.

Kama sukari imepimwa na iko sawa lakini bado una wasiwasi, pima anachokunywa. Jaza chupa ya lita moja asubuhi, mnywesheni kutoka humo tu, na kila mtu wa nyumbani ajue. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huhitaji takriban lita 1.3 kwa siku, ukijumlisha uji, maziwa na mchuzi, na siku za joto kali zaidi kidogo. Anayemaliza lita mbili za maji matupu, siku baada ya siku, apelekwe hospitali na hesabu hiyo mkononi. Kwa mtoto aliyekwisha kukonda au kulegea, usipime chupa. Mpeleke.

Wazazi wakisikia sindano kila siku, maisha yote, huanza kutafuta mtu mwenye mizizi. Nawaelewa, lakini hakuna mzizi, majani wala kombe linaloweza kushika nafasi ya insulini katika aina hii. Kabla ya Januari 1922, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alipochomwa insulini mjini Toronto na kuokoka, watoto hawa wote walikufa. Leo wanasoma, wanacheza mpira, wanaoa na kuolewa. Tanzania imo katika mpango wa Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, unaowapatia watoto insulini na vipimo bila malipo kupitia kliniki zake. Uliza hospitali ya mkoa jinsi ya kuandikishwa. Asiye na friji asikate tamaa: insulini inayotumika hukaa salama takriban wiki nne pakiwa na ubaridi wa kutosha, na chombo cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini, huteremsha joto kiasi, ingawa kwa unyevu wa Lindi si sana kama penye hewa kavu. Kichupa kisilowe, na kisikae karibu na jiko wala dirisha lenye jua.

Kwa hiyo mtoto wako akinywa kupita kawaida, akikojoa kupita kawaida na akikonda, usiishie kumwambia mhudumu kwamba ana homa au hali vizuri. Mwambie hivi: "Mwanangu anakunywa sana maji, anakojoa sana hata usiku, na amekonda. Naomba apimwe sukari leo." Kama mashine haipo au vijiti vimekwisha, omba barua ya rufaa hapohapo, na usirudi nyumbani kwanza.