Motere imepangwa upya, taa ya mafuta inawaka: kasoro iko wapi?

Busi dogo limetoka garaji juzi. Mwenye gari amelipa turneri, amenunua segima, kusine na joini, na feza ya masomo ya watoto imeingia humo. Linapanda Ngomo kutoka Kamanyola, motere inapata joto. Shofere anasimama kushusha abiria, na ku ralanti taa nyekundu ya mafuta inaanza kuwaka.

Kwanza ni kuzima motere, hata abiria wakasirike. Kusine bila mafuta zinaweza kuungua mu dakika chache. Kisha kuvuta kijiti na kutazama mafuta: yanatosha? Yananuka mazutu? Mazutu yakiingia mu mafuta, yanakuwa mepesi sawa maji.

Kama mafuta ni mazuri, usikubali motere ifunguliwe mbio mbio. Taa haipimi kitu, inajua tu presio iko ama haiko, na sonde yake ikiharibika inasema uongo. Fundi atoe ile sonde, afunge manometa pale pale. Mu motere nyingi za Toyota, kitabu kinaomba angalau 0.3 bar ku ralanti motere ikiwa moto, na kuanzia 2.5 bar ku mizunguko 3,000 kwa dakika. Garaji isiyo na manometa inabahatisha na feza ya mtu.

Sasa sindano inaongea. Presio ni nzuri asubuhi, inaanguka motere ikiwa moto, inapanda ukiongeza gazi? Hapo ni kusine mara nyingi. Pompi inasukuma mafuta tu. Kule kubanwa kati ya kusine na vilibreke ndiko kunaleta presio. Nafasi ya pale ni sehemu chache za mia za milimita. Ikizidi mara mbili, mafuta yanayopita yanaweza kufika mara nane. Turneri akikata vilibreke 0.25, kusine lazima ziwe za 0.25; wakiweka za kawaida, presio haitakaa hata pompi iwe mupya.

Presio ikiwa chini toka asubuhi, na gazi haisaidii, tazama upande wa pompi: klape yake imekwama wazi, ama joini ya mrija wa kuvuta inapitisha hewa. Kuna pia tapo ndogo za njia za mafuta, zinazotolewa wakati wa kuosha bloki. Moja ikisahauliwa, mafuta yanarudi mu karteri bila kufika juu.

Na silikoni! Mafundi wengi wanaipaka sawa siagi ku mkate. Inayozidi inakatika ndani, inaziba krepine. Alama yake: presio inapanda kidogo, kisha inaanguka wakati gazi inaongezeka.

Kuweka mafuta mazito zaidi kunazima taa, lakini nafasi ya kusine inabaki ile ile. Kukata waya wa taa ni kujidanganya kabisa.

Karteri ikifunguliwa, mwenye gari awepo. Aombe kusine za zamani, asome namba nyuma yake, aone krepine kwa macho. Hapo ndipo atajua kama deni ni la turneri, la fundi, ama la muuzaji wa vipuri.